Mfalme wa Kwanza Kumimina Chai

Jumatatu, 9 Juni
Nimetolewa wa kwanza tena kwenye mchezo wetu wa kadi. Jumamosi mbili mfululizo! Majoka yangu yote yalikuwa mkononi, yanapendeza, hayana faida. Joka halishuki mezani mpaka uwe na kadi saba za ardhi. Mimi kadi ya nne hunikuta marehemu.

Sheria ya meza yetu haina huruma. Kila aliye hai mchezoni huitwa mfalme. Wa kwanza kufa huwamiminia wenzake chai. Akifa wa kwanza mara tatu mfululizo, kiti chake anapewa Jenista wa mapokezi, anayekisubiri tangu Pasaka. Ofisini kwetu mpakani naitwa "dogo". Ni pale mezani tu ninapoitwa Mfalme Asajile. Kiti sikitoi!

Jumanne, 10 Juni
Nimeondoa majoka. Fungu langu jipya la kadi ni kuta tupu: za mawe, za miiba, za barafu. Sina hata askari mmoja wa kushambulia, lakini nani atapoteza jeshi lake ukutani? Watauana wao watatu, nibaki mimi. Mbinu hii haina kasoro.

Ila wakinijia wote?

Jumatano, 11 Juni
Dawa ni mikataba ya siri. Nilimpelekea Shadrack, karani mkuu, mafaili yake, nikamnong'oneza kwamba tusishambuliane. Alikubali bila kuinua kichwa. Wamebaki Enesi muuza vitenge na Osea anayevuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia. Nimewaita kesho kwenye kibanda cha chipsi: Osea saa kumi, Enesi saa kumi na moja. Kila mmoja ataambiwa ndiye mshirika wangu pekee.

Alhamisi, 12 Juni
Maafa! Saa kumi Osea hakutokea. Nilikaa peke yangu kwenye baridi. Saa kumi na moja akaja Enesi, nikamwapia kwamba namwamini yeye tu. Kabla hajajibu, Osea akavuta kiti, akajisifu kuwa amewahi: saa kumi kamili.

Kwa saa za Zambia, saa moja nyuma yetu! Mimi niliyezaliwa Tunduma, nikasoma mpaka chuo!

Osea akauliza kama mkataba wa siri ni wake au wa dada huyu. Enesi alicheka mpaka akashika meza. "Iwe, wewe Asajile," Osea akasema, "una washirika wa pekee wangapi?"

Ijumaa, 13 Juni
Shadrack ameshaambiwa. Ameniita "mheshimiwa balozi" mbele ya madereva wa malori. Jenista amecheka kupita kiasi. Nimeongeza kuta tatu.

Jumamosi, 14 Juni
Walinijia wote. Shadrack alisema hajawahi kuona fungu lisiloweza hata kumkwaruza mtu. Kulipiga ni mapumziko. Nilikufa maji ya chai hayajachemka.

Mchezo wa pili Jenista alikaa kitini pangu. Fungu lake ni vibwengo vidogo, kadi ambazo sisi huzitupa, lakini vinashuka tangu zamu ya kwanza. Alimpiga karani mkuu bila hata kuomba radhi! Nao wakamwita Mfalme Jenista. Nilipomjazia kikombe aliniambia, "Kaka Asa, chai yako nyepesi kama kuta zako."

Jumapili, 15 Juni
Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa natafuta kosa langu, na nimelipata.

Jenista naye akifa wa kwanza mara tatu, kiti kinarudi kwangu. Nitamwendea Shadrack kwa siri, tumwangushe. Kisha Enesi, kwa siri. Kisha Osea, kwa siri. Kila mmoja ataambiwa ndiye mshirika wangu pekee. Pale pale kwenye chipsi.

Safari hii nitasema wazi: saa za Tunduma.