Wiki ya Viatu vya Samaki

Jumapili, 2 Machi

Sijakaa chini tangu asubuhi. Mke wangu amenihesabia: mara kumi na moja kutoka sebuleni hadi uani na kurudi. Kaniambia nikiendelea hivi nitachimba mtaro. Acha nichimbe!

Sababu ni hii. Kiwandani kwetu samaki huingia akiwa mzima na kutoka akiwa minofu. Kila kinachobaki, vichwa, mifupa, ngozi na matumbo, huja kwangu na koleo langu. Mwaka wa tisa huu. Sasa meneja ametangaza kitengo kipya cha kugeuza mabaki kuwa bidhaa. Atakayemletea bidhaa bora Ijumaa ndiye mkuu wa kitengo. Mkuu! Koti jeupe! Mlango wenye kitasa!

Ningeweza kujilalia kama wengine. Lakini juzi binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, aliniomba kitu huku akikwangua meza kwa ukucha.

"Baba, ukija kunichukua shule, nisubiri kule kwenye kona. Usije getini."

Hakutaja sababu. Sababu ninaivaa. Nimeshaoga kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia. Harufu ya matumbo ya samaki haina adabu, hubisha hodi kabla ya mwenyewe kufika. Iliniuma sana. Nikajifanya natafuta ufunguo.

Basi Ijumaa nitakuwa mkuu wa kitengo. Bidhaa nimeshaichagua: viatu vya ngozi ya samaki.

Jumatatu, 3 Machi

Nimejaza kibwawa. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi: kibwawa cha maji ya dawa pale mlangoni, kina chake mpaka kwenye kifundo cha mguu. Haingii mtu kwenye ukumbi wa kukatia samaki bila kupita humo, awe meneja, awe mgeni. Baada ya hapo nikajaza ndoo mbili za ngozi, za kwangu.

Mpinzani nimeshamjua. Ni Mama Mizani, yule anayepima samaki wakiingia. Mwanamke mnene, mpole, hana haraka hata ya kupiga chafya. Yeye kaomba mifupa. Anaiosha, anaianika, anakaa. Basi! Huo ndio mpango wake wote. Kaniuliza ngozi ni za nini. Nikasema za paka. Akasema paka wangu ana bahati, kisha akaniita Profesa, kama wote wanavyoniita. Jasusi huyo.

Jioni nikapita kwa fundi ngozi. Mzee kasema nikwangue magamba na nyama, niloweke kwenye maji ya magome, nigeuze kila siku kwa siku kumi na nne. Na moto usiziguse kabisa. Nikapiga hesabu njiani. Nina siku nne.

Mke wangu akanitupia ile ya haraka haraka haina baraka. Nikamrudishia: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Tukanyamaza wote wawili, maana binti alikuwa chumba cha pili akisoma kwa sauti.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema jino.

Uji huiva upesi penye moto. Nguo hukauka upesi penye joto. Ngozi ya samaki ni nani hata isubiriwe wiki mbili? Fundi ngozi ni mtu mzuri, ila amezeeka na masharti yake. Nikabandika sufuria kubwa ya mke wangu, ile ya shughuli. Nikatia maji ya magome na ngozi thelathini.

Dakika kumi: zimejikunja. Ishirini: zimekuwa ndogo kama masikio. Nusu saa: hakuna ngozi! Nimekoroga, nimechota, nimeinamia sufuria mpaka nyusi zikaungua. Ngozi thelathini zimetoroka ndani ya sufuria iliyofunikwa! Limebaki rojo la kahawia. Jirani wa kushoto amefunga madirisha. Jirani wa kulia kauliza kwa upole kama kuna kitu kimefia darini.

Zimepona ngozi sita tu, ambazo hazikuenea kwenye sufuria. Nimezianika, nikakaa nazo na fimbo. Paka wa mtaa huu ni wengi kuliko watu, na wote wana muda.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu hasemi nami. Mwiko wake umesimama wima katikati ya sufuria, na ukiuinua mwiko, sufuria nayo inakuja.

Niliuvuta. Nilikanyaga sufuria nikauvuta kwa mikono miwili. Wapi! Hapo ndipo akili iliponijia, na ilinijia kwa kishindo. Gundi! Sikuharibu ngozi, nimevumbua gundi! Nikaenda kumpa mke wangu habari kwamba yeye sasa ni mke wa mvumbuzi. Kasema mvumbuzi amwoshee sufuria yake.

Nikachota gundi ya kutosha kopo zima, iliyobaki nikailoweka. Baada ya saa moja ilitoka yote, safi, kama haikuwahi kuwapo. Gundi yenye adabu hiyo. Inashika ukitaka, inaachia ukitaka.

Kazini nikaenda kumchungulia Mama Mizani. Kisingizio: kigoda chake, kilicholegea mguu tangu mwaka jana. Nikakigandisha mguu huku jicho langu likiwa kwenye kinu chake. Anatwanga mifupa. Unga wa kulishia kuku! Nilikaribia kucheka mbele yake. Kaniuliza kama gundi hiyo inapatana na maji. Nikamjibu gundi ni gundi. Watu wengine bwana, ukiwapa msaada wanakupa mtihani.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi viatu amenikataa. Alipitisha sindano mara moja tu, ngozi ikachanika kama gazeti. Kasema hazijaiva, nirudi baada ya siku kumi. Kila fundi na siku zake! Wamekula njama hawa.

Sindano ya nini, wakati nina gundi? Nikachukua soli za kandambili kuukuu, nikakata ngozi, nikapaka, nikafunga kwa kamba, nikazunguka uani kiguu na njia mpaka zikakauka. Na vikatoka viatu! Vyeusi mgongoni, fedha ubavuni, na alama za magamba zimejipanga zenyewe. Hakuna mfalme mwenye viatu kama hivi.

Binti alivigusa kwa kidole kimoja. Kasema vinang'aa. Akauliza kama ni kweli nitakuwa mkuu kazini. Nikamwapia. Alitabasamu akiwa ameangalia pembeni, na mimi moyo ukanijaa mpaka nikashindwa kumaliza chakula.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa pekupeku.

Tulikusanyika mlangoni mwa ukumbi. Meneja, wageni watatu wanunuzi, wafanyakazi wote. Mama Mizani alikuja na sahani ya unga na kigoda chake. Akaeleza kwa sentensi nne, akakaa. Mimi nikaeleza kwa robo saa. Wageni walivitazama viatu, mmoja akainama hadi chini. Meneja alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, nilimwona! Kasema twende ndani, penye mwanga mzuri. Nikawaambia wanifuate, waone mtu anavyotembea juu ya samaki.

Nikatangulia kwa maringo. Hatua ya kwanza, kibwawani. Nilikuwa nimekijaza mwenyewe asubuhi, mpaka ukingoni, kwa heshima ya wageni. Miaka tisa napita humo na mabuti ya mpira. Hatua ya pili, mguu wa kushoto ukawa mwepesi. Hatua ya tatu nikatokea upande wa pili na vidole vyangu kumi. Nilipogeuka, soli mbili zinaelea, na ngozi zimejikunjua majini kwa raha zao.

Meneja akachutama, akaokota soli moja, akaitazama juu na chini. Kisha mgeni mmoja akashika ukuta, na hapo ukumbi mzima ukalipuka. Nilitamani ardhi inimeze. Sakafu ya saruji, haikunimeza.

Mama Mizani hakucheka. Alingoja watu wamalize, kama anavyongoja kila kitu.

"Meneja, kigoda hiki kilikuwa kibovu mwaka mzima," akasema. "Profesa alikigandisha juzi, na mimi unaniona nilivyo. Gundi yake haitaki maji, lakini kwenye mbao kavu haina mchezo."

Meneja akauvuta mguu wa kigoda. Akauvuta na mgeni. Haukutoka.

Matokeo: Mama Mizani ndiye mkuu. Mimi niko chini yake, mtengenezaji wa gundi ya mbao. Nimekubali kwa niaba ya sayansi. Lakini tusidanganyane, mwanamke yule kanipora nafasi kwa kunitetea.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Kicheko nimekizoea. Kinachonikaba ni kwamba nilimwapia mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipanga kumwambia taratibu, labda mwezi ujao. Kumbe mama wa rafiki yake anafanya kazi meza ya visu pale kiwandani. Mtaa mzima una habari, na wengine wameongeza kwamba nilianguka. Sikuanguka!

Nikamkalisha binti, nikamwambia wazi. Mimi si mkuu. Viatu vimeyeyuka. Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutetemeka. Nikajua nimemliza mwanangu. Nilipomwinua kidevu, alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, pumzi hana. Akaniomba nirudie pale pa hatua ya pili. Nikarudia. Mke wangu naye akaja kusimama mlangoni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kunitazama tangu mkasa wa sufuria.

"Baba, Jumatatu njoo getini," binti akasema alipopata pumzi. "Nikiwasimulia hawataamini. Njoo uwaambie mwenyewe."

Jumatatu, 10 Machi

Nimesimama getini. Getini! Nilifika saa nzima kabla, nikashindwa kutulia, nikasoma ubao wa matangazo mara sita.

Walikuja watoto kama ishirini. Nikasimulia, nikaonyesha maringo, nikaonyesha hatua tatu. Mwalimu wa zamu alisogea akijifanya anafunga geti. Mtoto mmoja akasema nanuka samaki. Binti yangu akamjibu palepale kwamba ndiyo, baba yake ndiye anayetengeneza gundi, na gundi inatoka kwa samaki, sasa alitaka inuke waridi? Macho hakuyainamisha hata kidogo. Nikapata kitu cha kupangusa puani.

Alinishika mkono njia nzima. Mvua ilitukuta katikati, begi lake likaingia maji, daftari zote chapachapa. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeumia.

Jumanne, 11 Machi

Mama Mizani amenipa pipa jipya, mbao za majaribio, na neno moja: polepole. Nimemwahidi. Kwa dhati kabisa.

Lakini siwezi kukaa. Daftari za mwanangu bado ziko kwenye kamba, wino umesambaa. Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi, nikiwa wima. Samaki anaishi majini maisha yake yote. Nani amewahi kumwona samaki aliyelowa mpaka ndani? Hakuna! Basi jibu tunalitupa kila siku kwa koleo. Koti la mvua la ngozi ya samaki! Na kofia yake!

Makosa nimeyachambua kama mtu mzima. Tatizo la viatu lilikuwa zile soli. Mpira na samaki wapi na wapi? Safari hii hakuna mpira. Uzi pia sitaki, sindano huacha matundu na maji yatapita. Nimeunganisha kila kitu kwa gundi, tabaka mbili, mabegani tatu. Mke wangu kaniuliza swali moja tu, nikamwambia asubiri aone.

Binti atalivaa kesho asubuhi, mbele ya shule nzima. Ameshawatangazia rafiki zake. Upande ule wa milimani mawingu yamekuwa meusi tii, na upepo umeanza. Mungu akiamua kukusaidia! Mvua ya majaribio sikutegemea kuipata mapema hivi.