Ombi la Kuufuta Ushindi wa Mwaka wa 1987

Luke Ekitela,
Dalali wa Mifugo,
Kiwanjani, Isiolo.

Kwa Katibu Mkuu,
Klabu ya Soka ya Nanga Stars,
Mombasa.

Ndugu Katibu,

KUH: USHINDI WENU WA MWAKA WA 1987 UFUTWE KATIKA HISTORIA

Pokea salamu kutoka Isiolo, mahali ambapo maji ya kuoshea jezi yenu hupatikana kwa zamu, lakini ambapo kwa bahati mbaya mna shabiki. Shabiki huyo ni baba mkwe wangu, Mzee Ebei wa Wabera. Naandika kwa heshima zote, ingawa zimebaki kidogo.

Nimekisoma kijitabu chenu cha kuadhimisha miaka sitini ya klabu. Sikukisoma kwa hiari. Macho ya Mzee yamechoka, hivyo kila nikienda kumsalimia mimi ndiye msomaji. Kina kurasa arobaini, na thelathini kati yake zinahusu siku moja. Kwa kuwa sasa naijua historia yenu kuliko kamati yenu, naomba kuwasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Kuanzishwa kwenu. Hapa sina neno. Makuli wa bandarini waliowaanzisha walikuwa watu wa heshima. Walibeba magunia mchana, jioni wakacheza, wakafungwa, wakaenda kulala. Hawakumdanganya mtu. Laiti mngewafuata wazee wenu.

2. Mwaka wa 1987. Mkashinda kombe. Mzee Ebei alikuwa kijana, naye kuli hapo bandarini, na alisimama nyuma ya goli mshambuliaji wenu Mutea alipofunga kwa kichwa. Ndugu Katibu, klabu isiyoshinda kamwe haimdhuru mtu. Watu huizoea, kama vile sisi tulivyolizoea vumbi. Klabu inayoshinda mara moja tu ndiyo hatari kwa umma, maana inawaachia watu matumaini na hairudi kuyachukua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini ninyi mlisifiwa mkaacha hata kuukwea mnazi.

3. Fainali ya miaka tisa iliyopita. Naomba usome hapa polepole. Kwetu Waturkana, mbuzi na ngamia wa mahari wanaweza kutolewa wote, lakini mpaka dume la ng'ombe la harusi lichinjwe mbele ya wazee, mke bado ni binti wa babake, na watoto anaowazaa ni wa babake. Siku hiyo wazee wa pande zote mbili walikuwa wameketi kwa Mzee Ebei. Mahari yalikuwa yamekamilika. Dume langu jekundu lilikuwa limefungwa nje likingoja mkuki. Na redio ya Mzee ilikuwa ikiongea, kwa sababu mlikuwa uwanjani.

Kufikia mapumziko mlikuwa mnaongoza mabao mawili kwa nunge. Mzee akasimama, furaha imemjaa mpaka kofia inamchezea kichwani, akatangaza: "Hii ng'ombe itaanguka ile saa Nanga itashika kombe." Wazee wakacheka, wakapiga makofi. Ilikuwa ni kungoja dakika arobaini na tano tu. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, nikidhani ni heshima kwa dume langu.

Mlifungwa matatu. La tatu mlijifunga wenyewe, na kijitabu chenu kinaliita "bahati ya mpira". Sasa, neno likitamkwa mbele ya wazee katika kikao cha mahari halirudi mdomoni. Mjomba wangu aliinuka bila kuonja hata supu. Nami nikalifungua dume langu, nikarudi nalo Kiwanjani.

Lile la kwanza lilikufa kwa uzee, kifo ambacho dume la harusi halipaswi kukijua. La pili lilikwenda na ukame. Sasa ninalo la tatu. Kila mwaka nampeleka Mzee kulitazama, naye hulipapasa mgongo kwa upole na kuniambia: "Ng'ombe yako iko sawa. Kombe iko wapi?" Swali hilo nalileta kwenu, wenye kujua.

4. Majina yenu. Kampuni ya rangi ilipowafadhili mkajiita kwa jina la rangi. Ikaja ya simiti, kisha ya kamari, na kila mara mkabadilisha jina na nembo, kabla ya kurudia Nanga. Mwaka ule wa simiti nilifurahi, nikamchukua mjomba twende tumweleze Mzee kwamba klabu aliyoiapia imekufa, hivyo kiapo kimekufa nayo. Mzee alitusikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Wewe ulibatizwa Luke. Mama yako ilibadilika?" Tulinywa chai tukaondoka.

5. Mambo yenu yalipogeuka kinyume. Mlishushwa daraja, basi lenu likachukuliwa na wadai mkiwa ndani, wachezaji wakarudi nyumbani na mabuti shingoni. Mimi nilichinja kuku. Nilijua Mzee sasa atakata tamaa. Badala yake akatafuta mtu wa kumletea jezi mpya kutoka Mombasa, akasema huu si wakati wa kuwaacha watu. Mtu anayewapenda hivyo mnamlipa kwa sare na Jumamosi za huzuni. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, nanyi mmekubali mpaka mmepitiliza.

6. Watoto wangu. Hili nimeliacha nyuma kwa sababu si rahisi kuliandika. Nina wawili, na kwa desturi ni wa Mzee, hivyo yeye ndiye aliyewapa majina. Mkubwa alimwita Mutea, kwa heshima ya kile kichwa cha 1987. Ndiyo maana nyumbani kwangu kuna Mturkana mwenye jina la Kimeru, na Wameru wa sokoni huniuliza habari zake kwa tabasamu nisilolipenda. Shuleni ameandikishwa kama Mutea Ebei. Siku ya wazazi mwalimu alinikaribisha vizuri sana, akanitambulisha kwa darasa kuwa mjomba wake. Mtoto akanitazama, nami nikatazama ubao. Iliniuma, Ndugu Katibu, na bado inaniuma. Mke wangu Natabo, ambaye kwa sheria ya boma ni kama jirani yangu tu, alinitangulia njia nzima akiwa amemshika mtoto mkono.

Kutokana na hayo, nilifikiria kuwaomba mniazime lile kombe la 1987 kwa siku moja, Mzee alishike mkononi mambo yaishe. Lakini ukurasa wa thelathini na nane unakiri kwamba lilipotea mlipohama ofisi. Klabu iliyoshinda kombe moja katika maisha yake imeweza kulipoteza hilo hilo moja. Nilifikiria pia kuwaomba mshinde jingine, ila nimewahi kuwaona mkicheza.

Ombi langu kwa hiyo ni dogo. Kamati yenu iketi, itangaze kwa maandishi na mhuri kwamba ushindi wa 1987 haukutokea. Kombe halipo, refa wa siku ile ni marehemu, na Mutea mwenyewe kijitabu kinasema yuko ng'ambo. Hakuna wa kupinga. Wazee wetu wakiona kwamba Mzee aliapa kwa klabu ambayo haijawahi kushika kombe na haina njia ya kulishika, watakihesabu kiapo chake kama cha mtu aliyeapa kukamua jiwe, na watamwachilia. Mkishindwa hata na hilo, basi vunjeni klabu kabisa na uwanja mgeuze soko la mbuzi. Nitaleta mbuzi mimi mwenyewe, na nawahakikishia watakimbia kuliko mabeki wenu.

Nisalimie kamati nzima, wachezaji, makocha wote saba wa miaka hii miwili, na mlinzi wa lango la ofisi, ambaye nasikia ndiye pekee anayefika kazini kila siku.

Ni mimi mlalamishi wenu mwaminifu,

Luke Ekitela.

Nyongeza, baada ya sahihi:

Nilikuwa sijaifunga bahasha mlipocheza nusu fainali Jumatano. Nilienda hoteli ya Githinji, yenye televisheni kubwa, ili niwaone mkifungwa kwa macho yangu. Mzee alikuwa ameketi mbele kabisa. Mlipofunga lile bao la dakika ya mwisho, sijui nilifikaje mbele. Mzee alinishika shingo kwa mikono miwili, akalia, akaniita "kijana yangu" mbele ya hoteli nzima. Miaka yote hii amekuwa akiniita "huyu Luke".

Alhamisi asubuhi nikalipeleka dume sokoni nikaliuza, nikakodi gari. Tunakuja fainali ya Jumamosi, Mzee, Natabo, watoto na mimi, ili aone na yale macho aliyobaki nayo. Barua hii nitaileta mwenyewe hadi langoni mwa ofisi.

Ni Natabo aliyeniuliza, tukifunga mizigo, kwamba mkishinda tutachinja nini. Sikuwa nimefikiria. Mzee alisema "ile saa", na wazee wote walisikia. Saa hiyo ikifika na dume halipo, aibu ni yangu, na kikao kitaanza upya.

Kwa hiyo puuzeni yote niliyoandika hapo juu. 1987 ibaki ilivyo. Ila Jumamosi hii, nawaomba kwa unyenyekevu, mshindwe. Sare haitoshi, maana kuna penalti. Mshindwe kama mnavyojua, kisha mshinde mwaka ujao nikiwa nimepata dume jingine. Tutakuwa nyuma ya goli, nami nitakuwa nimevaa jezi yenu. Mkinisikia nikipiga kelele kwamba mfunge, msinisikilize, kwa maana kunyamaza sitaweza.