Shokapu za Mtani

Ipyana alizisikia sahani kabla hajaliona gari. Zilikuwa zinagongana kwa kelele za jikoni lenye ugomvi, na kwa mtu wa kazi yake kelele hizo zilitosha kumfanya aiache chapati nusu. Pikapu nyeupe ikakunja kona pale Maili Moja ya Kibaha, ikapanda tuta, sahani zikalia tena. Aliyeshika usukani alikuwa mama wa makamo mwenye ushungi wa zambarau na uso wa mtu aliyechoka kusikiliza.

Juu ya mlango wa Ipyana palikuwa na kibao: INJINIA WA SHOKAPU NA BARABARA MBAYA. Uinjinia huo hakupewa na chuo chochote. Alijipa mwenyewe asubuhi moja ya Jumatatu, na hakuna aliyejitokeza kupinga. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Aliokota shokapu zilizokufa kwenye magereji, akazisafisha kwa petroli, akazipaka rangi ya njano na kuzibandika karatasi yenye herufi za kigeni ambazo hata yeye hakujua zinasema nini. Mteja akija, alimfungia hizo maiti, kisha yeye akaondoka na shokapu nzima za mteja kwa uso wa huzuni, kana kwamba anazipeleka makaburini. Zilikwenda Dar, zikauzwa.

Alisogea, akaikandamiza pikapu nyuma kwa mikono miwili. Ilishuka, ikapanda mara moja, ikatulia. Shokapu nzima kabisa, za kiwandani. Ipyana akatikisa kichwa.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Shokapu zako zimekufa. Zote nne."

"Kumbe ndiyo maana," alisema mama, na mabega yakamshuka. Jina lake Bi Mwanamvua, wa Maneromango, alikodisha vyombo vya shughuli hadi Kibuta. "Mwezi wa saba nilikuwa na sahani mia tatu. Leo zimebaki mia mbili na kumi, nyingine zote zimeliwa na barabara. Keshokutwa ni arobaini ya kaka yangu Kibwana. Wageni wa kaka yangu wakila pilau kwenye majani, mimi nitaiweka wapi sura yangu?"

Bushi, zile raba za springi, ndizo zilikuwa zimekwisha. Bushi mpya na maboksi machache ya kupangia sahani yangemaliza kesi yote kabla ya adhuhuri. Ipyana aliliona hilo mara moja, lakini hajawahi kutokea mtu aliyejenga nyumba kwa kusema ukweli kuhusu bushi.

"Panda kwangu nikuonyeshe," alisema.

Yeye naye alikuwa na pikapu, ndugu wa tumbo moja na ile ya Bi Mwanamvua, ila hii aliipenda kuliko ndugu zake wa damu. Shokapu zake zilikuwa za gesi, za kweli, za bei ya kiwanja. Aliweka glasi ya chai juu ya dashibodi, akaendesha kwenye makorongo ya Pangani ya hapo Kibaha bila kupunguza mwendo. Chai ikatikisika kistaarabu, ikatulia.

"Nataka hizi," alisema Bi Mwanamvua.

"Utapata."

"Hizi hizi nilizokalia?"

"Hizi hizi, mama yangu."

Gari lake Bi Mwanamvua hakukubali kuliacha, kwa kuwa vyombo vilihitajika. Ipyana aende Maneromango siku ya arobaini, afunge asubuhi kabla ya dua. Hapo ndipo injinia alipokuna kichwa. Nyumba ya msiba ina macho mengi, na maswali hayakosi. Akakumbuka kwamba Wazaramo, kabila la Bi Mwanamvua, na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akifika msibani hutukana, hupora, humsema hata marehemu, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Ipyana alizaliwa Tukuyu, kwa wazazi wa Tukuyu. Lakini kuwa Mnyamwezi kwa siku moja kulimgharimu nini?

Keshokutwa yake asubuhi alishuka kwenye gari pale Maneromango akiwa ameshaanza.

"Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge, nimekuja kudai mbuzi wangu! Kibwana kaniibia mbuzi, halafu kajifanya amekufa ili asinilipe."

Wazee kwenye mkeka wakacheka. Mtani wa kweli huyo. Bi Mwanamvua alitabasamu pia, na kwa kuwa mume wake wa kwanza alimweka Tabora miaka sita, akamsemesha Kinyamwezi, taratibu, kwa upole.

"Na wewe pia, mama," alijibu Ipyana.

Alikuwa ameulizwa jina la baba yake. Bi Mwanamvua akamwonyesha gari lilipo.

Aliyesimamia kazi alikuwa mdogo wake, Mzee Mwishehe, dereva mstaafu aliyekula vumbi la wilaya hiyo miaka thelathini. Alichuchumaa kando ya tairi.

"Za mafuta au za gesi?"

"Za gesi, mzee. Gesi yenyewe ya baridi. Na springi za nyuma tuziongezee chuma kimoja kila upande, gari lisimame kiume."

"Chuma cha nini? Tunabeba sahani, hatubebi kokoto. Springi ikiwa ngumu na mzigo ukawa mwepesi, gari linaruka kama mbuzi."

Ipyana alisikia harufu ya ujuzi, akakimbilia kwenye utani. "Nyie Wazaramo springi mmezijulia wapi? Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, nyie mmekaa kivulini mnawatazama. Kichwa cha panzi wewe, nipe spana."

Mwishehe akacheka na kutoa spana. Mpaka saa nne maiti nne za njano zilikuwa zimefungwa kwenye gari la Bi Mwanamvua, na shokapu zake nzima zimelala nyuma ya pikapu ya Ipyana, chini ya turubai.

"Hela yangu, mama?"

"Baada ya dua, mtani. Wewe si wa kulipwa umesimama. Nenda uani ukae, Shamsia atakuletea chakula."

Alipokwisha kuondoka, Bi Mwanamvua alimwonyesha mdogo wake kidole. Alikuwa ameigusa shokapu moja, na kidole kilikuwa cha njano. Mwishehe akakinusa.

"Kwa hiyo huyu ni mwizi," alisema.

"Mwizi ni jina la mtu baki," alisema dada yake. "Huyu kasema mwenyewe ni mtani. Mtani ana haki zake, na sisi tuna zetu. Vijana wako wapi?"

Huko uani Ipyana alikula pilau sahani tatu na kumsema marehemu kwa ufasaha ambao haujapata kusikika Maneromango. Alisema Kibwana alikuwa mchoyo hadi chafya alipiga kwa kubana. Alisema hata kaburini amelala upande mmoja ili asiumalize udongo. Watu wakashika mbavu. Shamsia, binti wa marehemu, alimwongezea nyama, na kila alipotaka kuinuka akamwomba aseme jingine moja tu.

Dua ikaisha. Ipyana akatoka akichokonoa meno, akaelekea kwenye gari lake, na kijiti kikamdondoka. Nyuma ya tairi lake kulikuwa na kitu cha njano. Akainama. Akazunguka mbele, akainama tena. Zote nne. Akafunua turubai, chini yake hapakuwa na kitu.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa inamtetemeka kweli, maana alilipenda gari lile, "kuna watu wamegusa gari langu."

"Watani zako wamegusa."

"Shokapu zangu ziko wapi?"

"Zile nilizokalia? Ziko kwenye gari langu. Tulikubaliana hizi hizi. Na zangu za zamani nimeziweka ndani, labda nitapata mjinga wa kumuuzia."

"Huu ni wizi!"

Wazee wa mkekani wakageuza shingo. Mzee Mwishehe akasogea akifuta grisi mikononi.

"Mtani akichukua, inakuwaje wizi? Au pengine wewe si mtani. Kama si mtani, hakuna neno, kaa hapa utueleze. Kibwana alimwibia nani mbuzi? Uchoyo wake uliuona wapi? Na mimi kichwa cha panzi ni kwa sababu gani?"

Ipyana akawatazama. Walikuwa wanaume kama arobaini, wameshiba, hawana haraka. Binti wa marehemu naye alikuwa anasubiri jibu, na hakuwa anacheka tena.

"Mimi ni mtani," alisema.

"Sema wazee wasikie."

"Mimi ni Mnyamwezi wa Sikonge. Ni mtani wenu."

Kicheko kilichofuata kilimfanya Bi Mwanamvua afute machozi kwa ncha ya ushungi. Alimfungia pilau la njiani, la kutosha watu wawili.

"Na hela yangu?" alinong'ona Ipyana.

"Hela gani, mtani?"

Barabara ya kutokea Maneromango haimwonei mtu haya. Kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye meno. Ipyana alipanda na kushuka, akagonga kichwa darini, akajing'ata ulimi, na alipofika Kibuta alikuwa ameshatubu mara mbili na kughairi mara moja. Kisarawe mjini aliingia kwenye gereji ya kwanza aliyoiona, akashuka kwa kushikilia mlango. Fundi, kijana aitwaye Tito, alikwaruza shokapu moja kwa ukucha, akacheka.

"Umepigwa kaka. Hii ni maiti imepakwa rangi. Nani kakufungia?"

"Fundi mmoja wa Kibaha."

"Nitajie jina, niwaonye watu wa huku."

Ipyana alifungua mdomo kutaja jina la jirani yake wa Maili Moja, lakini kiuno kilikuwa kinamuuma mno, hata uongo ukakataa kutoka.

"Anaitwa Ipyana," alisema. "Tena kaeni naye mbali."