Pengo la Mwalimu na Hojaji ya Meno

Jumatatu, 2 Juni 2025. Kasulu.
Kazi imeanza. Hatimaye! Hojaji ya maswali ishirini: mgonjwa wa meno anauonaje uso wake na kinywa chake. Nimeitafsiri mimi, mwalimu mstaafu. Sasa inapimwa. Wagonjwa waulizwe wiki hii, na walewale waulizwe tena baada ya wiki mbili. Majibu yakifanana, hojaji inafaa. Daktari Safina, msimamizi wa kazi hii, ameahidi kwamba majibu ya wagonjwa wangu yakifanana, jina langu litakuwa kwenye jalada. Nina miaka sabini na mmoja. Jina langu halijawahi kuchapishwa popote, isipokuwa kwenye orodha ya wastaafu, nako lilikosewa.
Mhoji mwenzangu ni Therese, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huketi mkekani na wagonjwa, akacheka nao. Huo si utaratibu.

Jumanne, 3 Juni.
Nimehoji kumi na watano. Hakuna hata mmoja mwenye aibu! Ndayikeza wa Nyakitonto, aliyebakiwa na meno mawili ya mbele, nilimsomea swali la tisa: huficha kinywa anapocheka? Alitazama pengo langu (meno matatu, tangu mwaka juzi), akainamisha macho, akasema kwa upole kwamba pengo ni umri tu, mwalimu wangu. Asia muuza duka akasema hawezi kulalamikia kinywa mbele ya mtu mzima kama mimi. Watu wenye adabu.
Wagonjwa wa Therese humlilia mpaka karatasi zinalowa. Anawadekeza.

Jumatano, 4 Juni.
Daktari haridhiki. Majibu yangu yote ni mamoja, kama yametoka kinywa kimoja. Therese akadakia: nani atamwambia papa (yaani baba, ndivyo anavyoniita) kwamba pengo ni baya, na papa mwenyewe analo? Wauguzi wakacheka. Mimi sikucheka.
Daktari ameonya kwamba duru ya pili kisibadilike kitu: mhoji yuleyule, chumba kilekile, benchi lilelile.
Nina mpango.

Alhamisi, 12 Juni. Kibondo.
Nimemwendea fundi Mudathiri. Meno ya bandia, mapya! Daktari alitaja mhoji, chumba na benchi; meno hakuyataja. Makubwa kidogo. Nyumbani, mke wangu Esteri alicheka mpaka akaketi chini. Anasema nafanana na mtu aliyeshtushwa na habari njema.

Jumanne, 17 Juni. Kasulu.
Duru ya pili. Chumba kilekile. Benchi lilelile. Msiba!
Ndayikeza alipoyaona meno yangu alifunika mdomo kwa pindo la kitenge. Akasema kwa kuwa mwalimu amepona, sasa anaweza kusema kweli: tangu harusi ya bintiye hajacheka mbele ya watu. Nilimsihi arudie jibu la kwanza. Akakataa. Siku ile, alisema, alikuwa ananisitiri.
Asia vilevile. Wote kumi na watano vilevile.

Alhamisi, 19 Juni.
Kompyuta imehukumu. Majibu yangu ya kwanza na ya pili hayajuani kabisa. Ya Therese yanafanana kama mapacha. Jalada ni lake.
Amekuja nyumbani na ndizi mbivu. Chakula laini kwa meno mapya, papa, alisema, kisha akaomba niipitie hojaji kabla haijachapishwa. Nilikataa. Nikala ndizi moja. Nikaipitia. Haikuwa na kosa. Niliitafsiri mimi.

Ijumaa, 20 Juni.
Nimetafakari. Kosa si langu. Wagonjwa hawana msimamo.
Wiki ijayo wanahoji wagonjwa wa kijiji cha Gwarama. Nimeomba nafasi. Safari hii meno yatakaa mfukoni. Akija mwenye pengo, nayavua, tufanane. Akija mwenye meno, nayavaa. Hakuna atakayenisitiri tena!
Kwa mazoezi nimejihoji mwenyewe. Swali la tisa: je, huficha kinywa unapocheka? Kamwe. Sijacheka tangu mwaka juzi.