Kona ya Dirishani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Iingie katika kumbukumbu za mkoa: leo saa mbili na robo asubuhi kiti changu chenye mto kimehamishwa kutoka dirishani. Hakuna bendera iliyoshushwa. Sasa nakaa ubavuni mwa mashine ya kushonea magunia. Mimi, karani wa ghala la korosho miaka kumi na tisa!

Sababu ni Mwanahamisi, binti wa Mikindani. Haoni. Kaja kupima ukavu wa korosho kwa kuzitikisa sikioni: kavu hugonga ndani ya ganda, mbichi hukaa kimya. Anahitaji kona tulivu. Yangu. Meneja, Bi Yustina, kasema sheria inamtaka mwajiri amrekebishie mwenye ulemavu mahali pa kazi. Aliendelea kusema, mimi nilikuwa nishanuna.

Alhamisi binti atajaribiwa kwa magunia matano, yeye na kipimo cha ukavu cha umeme. Akikosea, hana ajira. Nami narudi dirishani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepeleka barua. Sheria ni usawa, basi sote tukae kwenye kelele. Bi Yustina akaniomba niisome kwa sauti. Nikavaa miwani. Akasema niivue, usawa uanzie hapo.

Nikarudi mashineni.

Jumatano, 8 Oktoba

Ubunifu! Nyumbani Chuno nimejaza gunia korosho mbichi, juu nikatandaza kavu. Kipimo huchota juu tu. Mwanahamisi huzamisha mkono mpaka begani. Watapingana, na nani atabishana na umeme? Mama Farida, mke wangu, anayeshona mwenyewe magunia ya korosho zetu tunazoleta ghalani, kalitia gunia kiraka, akauliza linakwenda wapi. Nikamwambia siri ya kazi.

Mchana Mwanahamisi kanisimulia kwamba mwaka jana ghala moja lilimrudisha getini kabla hajagusa hata korosho moja. Nikatazama pembeni. Halafu nikakumbuka haoni nikitazama pembeni. Nikajisikia vibaya mara mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Magunia manne, sawasawa. La tano, lile langu, kipimo kikasema kavu, binti akasema bichi. Nikasikitika kwa sauti. Nikamwambia meneja inauma, lakini mtambo haudanganyi.

Mwanahamisi akaomba gunia limwagwe. Likamwagwa. Chini mbichi tupu. Yeye akawa anapapasa kiraka.

"Mjomba Shafii," akasema taratibu, "huu si mshono wa Mama Farida? Kila pembe kaweka fundo. Magunia yake nimeyapokea Jumatatu."

Athumani wa mashine akazima mashine ili acheke vizuri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ukweli wenyewe, kwa kuwa daftari hili nalisoma peke yangu. Kwanza nilisema gunia liliibwa. Hakuna aliyeniuliza liliibwa na nani. Nikakiri. Mwanahamisi kaajiriwa. Mimi nimepata barua ya onyo, na magunia yetu yote kumi na moja yamerudishwa nyumbani yakaguliwe upya. Mama Farida kaniachia mkeka, jua na kazi ya kuanika. Hasemi nami.

Tena kuna hili. Kona inatosha viti viwili. Bi Yustina alisema hivyo Jumatatu, nilipokuwa nimenuna. Mwanahamisi mwenyewe kanikaribisha leo, kwa sharti moja: ninyamaze.

Nimekaa nusu saa. Upepo mzuri sana. Kimya kinaniua.

Kesho naandika barua. Kuropoka kwangu ni ulemavu wa kuzaliwa, na sheria haiwezi kukosa kifungu.