Upupu Upande wa Kivuli

Jumatano, 3 Julai
Siku nne tu kabla ya mashindano ya ngoma hapa Didia. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja; watazamaji wakikukimbia, umeshindwa. Mimi wamenikimbia miaka miwili mfululizo. Mimi, ningi, kiongozi na mtunzi wa nyimbo zote! Salvina, mpiga manyanga tu, anawaambia wenzetu kuwa nikishindwa tena uningi uende kwake.

Wa kulaumiwa ni Cornel, ningi wa wapinzani. Kila mwaka anapewa upande wenye kivuli cha mwarobaini. Leo nimemlalamikia mwenyekiti wa kijiji mbele ya watu. Nimelalamika vizuri sana.

Ijumaa, 5 Julai
Mpango! Kule mtoni upupu umetambaa hadi vileleni mwa miti, maua ya zambarau yananing'inia. Mzuri kweli. Lakini silaha ni vinyweleo vya maganda yake, vinavyowasha kama moto. Nimechuma mfuko mzima. Upepo ukageuka, ukanirushia usoni. Nimemwambia mke wangu Jenifa kuwa ni siafu. Akauliza ni siafu gani wanaouma hadi kwenye kope. Mwanamke huyu ana maswali!

Jumapili, 7 Julai
Alfajiri nimekwangua maganda na kumwaga unga wote upande wa kivuli. Kazi safi.

Saa nane mchana Cornel akaja kunishika mkono. Akasema, ngosha, mwanamume mwenzangu, malalamiko yako nimeyasikia, una haki, mwaka huu kivuli ni chako. Watu wakampigia makofi! Nikasema jua ni zuri kwa afya. Wenzangu wakanisukuma kivulini.

Wimbo wa kwanza haukuisha. Vumbi likapanda, tukaanza kuruka, kugaragara, kukunana migongo kwa zamu. Watazamaji wote wakahamia kwetu, hata mke wa Cornel. Salvina akatunga papo hapo wimbo wa kujikuna. Tumeshinda!

Jumatatu, 8 Julai
Kikao. Nilitarajia pongezi. Jenifa akaingia na mfuko wa maganda, akauweka mezani. Mke wangu wa ndoa! Uningi kapewa Salvina, kwa kauli moja. Mimi nimepewa ufagio wa uwanja. Imeniuma sana.

Lakini kosa langu nimeliona: nilitumia unga. Unga unapeperuka, mmea hautoki mahali pake. Na fensi ya Salvina haina ua hata moja, inatia huruma. Jioni hii nimepanda mbegu tano chini yake. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unawasha.