Gari Linalosaga Meno

Jumatatu, 4 Machi

Gari letu limesaga meno tena. Baba alizungusha ufunguo, KRRRRR, kama mtu anayekokota kabati la chuma kwenye sakafu ya saruji. Ndege wakaruka kutoka paa la jirani. Nywele zikanisimama. Sauti kubwa hivyo, ndani ya kigari kidogo hivyo!

Jirani wa geti jekundu akatokea, mswaki mdomoni. Akasema yuko tayari kulinunua hivyo hivyo lilivyo. Baba amechoka. Akamjibu kwamba kelele ile ikiwa bado ipo Jumamosi, gari ni lake.

Ewe daftari, nakuambia wewe tu. Mezani sina maneno. Darasani nikiitwa nasimama kama mlingoti. Lakini ndani ya gari, asubuhi, mimi na Baba tunatazama mbele, hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na maneno yananitoka yenyewe. Gari likiuzwa, nimekuwa bubu.

Lazima nilitengeneze. Kwa siri.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua boneti. Shuleni tulisoma injini, sura nzima, kwa Kiingereza, nikapata alama za juu. Leo nimekutana nayo ana kwa ana na simjui hata mmoja pale ndani. Mabomba, nyaya, vifuniko, vyote kimya, vyote vinajua kazi yake. Nikanong'ona, "Shikamoo." Sijui kwa nini. Ilistahili.

Kaka yangu, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kubadilisha balbu, akasema bila kuinua macho kwamba ni betri. Nikaipangusa betri hadi ikang'aa. Jioni: KRRRRR. Asante, Injinia.

Mpango mpya. Kama siwezi kuondoa kelele, nitaifunika. Nimeazima spika ndogo ya Injinia. Yeye hajui kwamba ameniazima.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Spika kwenye dashibodi, muziki juu, ufunguo, tukaondoka. Baba akasema anaona limepona lenyewe. Jirani hakutoka hata na mswaki.

Tukaongea njia nzima. Nikamwambia ninavyoogopa kusoma kwa sauti mbele ya watu. Akasema hata yeye, kwenye mikutano ya kazini, hutafuta mtu mnene na kukaa nyuma yake. Baba yangu! Kumbe aibu hii nimerithi! Nilimtazama kwa pembe ya jicho kama mtu aliyeonyeshwa mlima nyuma ya nyumba yao.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Tamaa ikanishika, nikaongeza sauti ya muziki. Gari likawaka, Baba hakusikia kama limewaka. Akazungusha ufunguo tena. Kelele iliyotoka haina herufi katika lugha yoyote kati ya zangu mbili. Spika ikaanguka miguuni mwangu.

Baba akamwambia jirani aje Jumamosi asubuhi. Njia nzima hatukusema neno.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia simu Mama Mdogo. Mimi! Simu! Ni mdogo wake Mama, fundi wa magari, na akicheka madirisha yanatetemeka. Akaja na sanduku la spana, akaniagiza niwashe mara moja, sikio lake likiwa jirani na injini. Kisha akaingiza mkono chini, akaitikisa stata, kile kimota kinachoamsha injini. Ikacheza. Bolti imelegea, akasema.

Akaifungua stata, akaiweka chini, akaikanyaga kwa buti, akaiunganisha na betri. Gea ndogo ikachomoka kama ulimi wa kinyonga, ikazunguka, ikarudi ndani! Nikasahau kufunga mdomo. Akaeleza kwamba kigea hicho hutoka, huuma meno ya gurudumu kubwa la injini, hulisukuma mpaka injini iwake, kisha hujificha. Stata ikikaa upande, meno hayaumani vizuri, yanasagana.

Kila asubuhi! Kitu kidogo, kinatoka gizani, kinaamsha jitu zima, kinarudi kujificha. Nilitaka kulia. Ni mimi yule, ila chenyewe kinafanya kazi.

Kisha Mama Mdogo akaonyesha mikwaruzo mipya kwenye meno. Akauliza nani amewasha gari lililokwisha kuwaka. Baba, aliyekuwa ametoka kutazama, akasema hakusikia injini. Mama Mdogo akaitazama spika iliyokuwa bado ndani ya gari, akanitazama mimi.

"Wewe mtoto, gari linakuambia linaumwa, wewe unaliziba mdomo?"

Mlingoti. Akakaza bolti zote, akasema meno bado yatafaa, akaondoka na spika mfukoni. Injinia hajanisamehe.

Jumamosi, 9 Machi

Jirani alikuja amechana nywele. Baba akazungusha ufunguo. Gari likawaka laini, kama mtu anayevuta shuka. Baba akasema haliuzwi. Jirani akatupongeza kwa uso wa msiba.

Nimeapa: kuanzia leo, gari likisema, nitasikiliza.

Jumatatu, 11 Machi

Limewaka vizuri ajabu. Lakini kwenye kona ya kwanza, kutoka chini ya boneti, filimbi nyembamba. Fiiiii. Baba akauliza kama nimesikia kitu.

Spika sina. Nikafungua mdomo nikaimba. Mimi! Kwa sauti! Baba akanitazama kama nilivyokitazama kile kigea. Kisha naye akaitikia kiitikio, vibaya sana.

Filimbi ikapanda. Nasi tukapanda.